Mazabodi ya kufufua kompyuta ya magemu ya 1998: jinsi nilivyochagua

Mtu akisikia nimefufua kompyuta ya magemu ya miaka ya tisini, swali lake la kwanza huwa: umeweka prosesa gani? Na mimi humuuliza langu: una kadi gani za sauti na picha ambazo hutaki kuachana nazo? Maana prosesa haina shida kuipata. Za zama zile zimejaa kwenye maboksi ya mafundi, na ukiomba vizuri unapewa bure. Kilicho adimu ni mazabodi, ile bodi kuu ambayo kila kitu huchomekwa, itakayozikubali kadi zako zote kwa pamoja, iwe nzima, na iingie kwenye kasha ulilo nalo. Bodi ndiyo mwenye nyumba: ndiyo inayoamua nani anakaa na nani anahama.

Mashine yenyewe ilikuwa ya baba mdogo. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi Magomeni. Mchana kompyuta ile ilichapa barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Jioni, duka likishafungwa, ilikuwa yetu sisi watoto: FIFA 98, Need for Speed III, Age of Empires, na Quake II kwa wale wenye moyo. Ndani mlikuwa na Pentium II ya MHz 266, RAM ya MB 64, kadi ya sauti ya Sound Blaster AWE64, na kadi ya picha za 3D, 3dfx Voodoo2 ya MB 12, ambayo kaka yetu mmoja, mtoto wa shangazi, aliileta alipotoka masomoni Uingereza. Kwa mtaa wetu wakati ule, Voodoo2 ilikuwa habari kubwa. Watoto walitoka hadi Kigogo kuja kutazama tu jinsi gari linavyong'aa kwenye barabara yenye mvua.

Duka lilipofungwa, mashine ikakaa juu ya kabati miaka mingi. Nilipoiomba, baba mdogo hakunikatalia. "Ichukue, mwanangu," alisema, "ila nisije nikasikia umeiuza chuma chakavu."

Nilipoifungua nilikuta mambo mawili. Kwanza, bodi ilikuwa ya chipseti (chipu kuu zinazoiongoza bodi) ya Intel 440LX, ya 1997, ambayo mwendo wake wa kuwasiliana na prosesa ni MHz 66 tu. Prosesa ya mwisho inayokaa humo kwa raha ni ya MHz 333, na baada ya hapo njia imefungwa. Pili, kapasita kadhaa (vile vipipa vidogo vya kutuliza umeme) karibu na sloti ya prosesa zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imeacha doa la kahawia chini yake. Kwa hiyo kasi pekee haikuwa sababu ya kutafuta bodi nyingine. Ile ya zamani ilikuwa mgonjwa, na nilitaka mashine itakayoendesha Unreal Tournament ya 1999 bila kuhema, bila kuyapoteza magemu yaliyotangulia ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows.

Hapo ndipo nilipoketi na kuorodhesha kadi, si prosesa.

AWE64 ni kadi ya ISA, ile sloti ndefu nyeusi. Vijana waliozaliwa baada ya 2000 huniuliza kwa nini nisichukue tu kadi ya sauti ya PCI, sloti iliyoifuata ISA, maana ni mpya zaidi na zinapatikana kila kona. Sababu ni namna magemu ya DOS yalivyoandikwa. Gemu la DOS haliombi ruhusa kwa mtu. Linakwenda moja kwa moja kwenye kadi, kwenye anwani 220, IRQ 5 (njia ya kuiita prosesa), DMA 1 (njia ya kupitisha data moja kwa moja hadi kwenye RAM), na lisipoikuta pale linakuwa bubu. Njia za DMA za kizamani ni sehemu ya ISA yenyewe, na PCI haikuzirithi. Kwa hiyo kadi za PCI hulazimika kuigiza kwa msaada wa draiva. Baadhi huigiza vizuri, baadhi huleta sauti inayokatika katika, na kwenye magemu mengine hupati muziki kabisa. Na muziki wa AWE64, ule unaotoka kwenye sampuli za ala zilizohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe, ndio ninaoukumbuka tangu utotoni. Hilo kwangu halikuwa na mjadala: bodi lazima iwe na ISA.

Voodoo2 haina masharti magumu hivyo, kwani ni ya PCI. Ila haitoi picha za kawaida za Windows. Yenyewe ni ya 3D peke yake. Inahitaji kadi nyingine ya kawaida pembeni, na waya mfupi unaotoka kwenye kadi hiyo kuingia Voodoo2, kisha skrini inachomekwa kwenye Voodoo2. Nilitaka kadi hiyo ya pili iwe ya AGP, sloti maalumu ya kadi za picha, ili sloti za PCI zibaki kwa mambo mengine. Basi nikawa na masharti yangu: ISA angalau moja, PCI za kutosha, AGP, umbo la ATX (kipimo cha bodi kinacholingana na kasha), na uwezo wa kubeba Pentium III.

Ukiwa na masharti hayo, pita Kariakoo na kwenye maduka ya kompyuta za mitumba, utaona jinsi orodha inavyopungua haraka. Bodi za zamani zilizojaa hapa Dar es Salaam zilitoka kwenye kompyuta za ofisi za Ulaya, na ofisi hazikununua mashine za magemu. Nilikuta nyingi za chipseti ya i810. Hizo zina kadi ya video ndani ya chipseti na hazina sloti ya AGP kabisa, kwa hiyo nikaziacha. Nilikuta nyingi zaidi za Pentium 4 zenye i845. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini ISA hakuna, na AGP yake ni ya volti 1.5 tu. Hili la AGP nalisema kwa msisitizo. Kadi nyingi za 1998 na 1999, Voodoo3 ikiwemo, ni za volti 3.3. Pengo kwenye meno ya kadi liliwekwa ili kadi isiyofaa isiingie, lakini zipo kadi zilizokatwa mapengo yasiyo sahihi. Zikiingia zinaweza kuiunguza bodi. Usilazimishe, na usiamini pengo peke yake.

Nilisimama kidogo kwenye i815, ya 2000. Ni chipseti tulivu, inakubali MHz 133 na AGP ya kasi ya mara nne. Lakini Intel walikuwa wamekwisha kuondoa ISA kwenye chipu zao za familia ile. Watengenezaji wachache wa bodi waliirudisha kwa kuongeza chipu ya daraja, na kuipata bodi ya namna hiyo hapa mjini ni bahati tupu. VIA Apollo Pro 133A nayo ilinivutia, maana nyingi zilibaki na ISA na zinaenda MHz 133. Kilichonirudisha nyuma ni chipu yake ya kusini, ile inayosimamia diski, ya 686B iliyowekwa kwenye bodi nyingi za baadaye. Ilijulikana kuharibu data kwenye diski, hasa ikikaa pamoja na kadi ya Sound Blaster Live. Marekebisho yalitoka, lakini kwa mashine ninayotaka ikae miaka, nilipendelea isiyo na historia hiyo.

Iliyobaki ni 440BX.

Waliokuwa wakijenga kompyuta wakati ule wanaijua vizuri. Ilitoka Aprili 1998, ikapandisha mwendo kutoka MHz 66 hadi 100, ikawa na AGP ya mara mbili, na ISA yake ni halisi, imo kwenye chipseti yenyewe. Iliheshimika kiasi kwamba watu waliendelea kuitafuta hata baada ya Intel kutoa warithi wake. Baadhi yao huisukuma hadi MHz 133. Mimi siwashauri. BX haina kigawanyo cha AGP kwa mwendo huo, hivyo AGP inakimbia karibu MHz 89 badala ya 66, na si kila kadi inavumilia. Ukiwa na Pentium III inayotaka MHz 100, kila kitu kinakaa kwenye mwendo kiliotengenezewa, na joto letu la pwani halihitaji kuongezewa.

Niliipata Gerezani, kwa muuza vyuma chakavu, ikiwa chini ya rundo la bodi zinazosubiri kupimwa kwa kilo. Nilimwona kwanza mwenye mali akiishika kwa kidole kimoja.

"Bosi, hii nzito, ina dhahabu," akaniambia.

"Dhahabu yake baki nayo, kaka. Mimi nataka iwake."

Tulielewana bei ambayo sehemu nyingine ungenunulia chipsi kuku za watu wawili. Kabla ya kutoa hela niliigeuza chini na juu. Nilitazama kama kuna njia za shaba zilizokwaruzwa na bisibisi, kama meno ya sloti ya prosesa yamelala upande mmoja, kama betri imevuja. Nikahesabu sloti: ISA mbili, PCI nne, AGP moja, RAM nne. Kwa bodi ya namna hiyo, sura ya nje inakwambia zaidi ya maneno ya muuzaji, kwa kuwa hata yeye hajui imetoka wapi.

Kisha likaja suala la volti za prosesa, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowaangusha wengi. Pentium II za kwanza zilitumia volti 2.8. Zilizofuata, na Pentium III za mwanzo, zikashuka hadi 2.0. Pentium III za kizazi cha Coppermine, zilizotoka Oktoba 1999, zinataka 1.6 na ushei. Sasa, bodi inaweza kuwa ya BX kweli, sloti ikaingiliana vizuri, lakini saketi yake ya kupunguza umeme haiwezi kushuka chini ya volti 1.8. Bodi nyingi za 1998 ziko hivyo. Ukichomeka Coppermine, haiwaki. Dawa ni kusoma namba iliyoandikwa juu ya chipu ya saketi hiyo, kisha kutafuta karatasi ya maelezo ya mtengenezaji wake na kuona mwisho wake wa chini ni volti ngapi. Yangu ilishuka hadi 1.3, na hapo nikapumua.

Upande wa prosesa mambo ni mepesi, kwa sababu Intel walikuwa waungwana wa kuandika kila kitu juu ya ganda. Nilichukua iliyoandikwa 700/256/100/1.65V. Ya kwanza ni MHz za prosesa, ya pili ni KB za kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), ya tatu ni mwendo inaotaka kutoka kwenye bodi, ya nne ni volti. Ukishaijua kusoma mistari hiyo, hakuna muuzaji atakayekuchanganya.

Kapasita ndizo zilizonichukulia muda, na hapa nataka kukaa kidogo.

Kapasita za namna hii zina majimaji ndani. Kati ya 1999 na 2007 hivi, bodi nyingi duniani zilifungwa kapasita zenye majimaji yenye kasoro: yanazalisha gesi, kichwa kinavimba, kisha kinapasuka kwenye ule mchoro wa msalaba ulioko juu. Bodi za Pentium 4 na Athlon ziliumia zaidi. BX kwa sehemu kubwa ni za kabla ya balaa lile, lakini uzee nao ni ugonjwa, na joto linauharakisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila unapopunguza nyuzi 10, umri wa kapasita unakaribia kuongezeka maradufu. Geuza kanuni hiyo upande wa pili, ufikirie kasha lisilo na feni kwenye chumba cha bati mwezi wa Februari.

Nilimpelekea bodi fundi mmoja mzee wa redio, Temeke, ambaye amelehemu tangu enzi za redio za mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea redio gani hii isiyo na spika?"

Akaigeuza, akavaa miwani, akaniambia kitu ambacho sijakisahau: kapasita alizo nazo dukani zina namba sawa na zile za kwenye bodi, lakini hazifai pale. Saketi inayolisha prosesa huwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde. Inataka kapasita zenye ukinzani mdogo sana wa ndani, na za redio hazijatengenezwa kwa kazi hiyo. Zitakaa, mashine itawaka, na baada ya muda itaanza kuganda katikati ya gemu huku wewe ukiilaumu Windows. Akanituma nitafute bodi iliyokufa ya miaka ya karibuni, yenye kapasita ngumu zisizo na majimaji, tuzing'oe hizo. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Na kabla ya kung'oa chochote, alisisitiza nipige picha, kwa maana alama za hasi na chanya zilizochapwa kwenye bodi hazifanani kwa kila mtengenezaji.

Jambo jingine alilonifundisha ni joto la pasi ya kulehemu. Bodi ina tabaka kadhaa za shaba, na tabaka la hasi hufyonza joto lote. Pasi ndogo ya redio inayeyusha bati juu tu huku ndani kukiwa bado kugumu, na ukivuta kwa nguvu unatoka na tundu lenyewe. Alitumia pasi kubwa, akaongeza bati jipya kidogo ili la zamani lilegee, akangoja. Alikuwa na subira ambayo mimi nimeiona kwa washonaji wa kofia za kiua pekee.

Pawa saplai nayo isidharauliwe. Bodi za zama za Pentium III hazina ile plagi ndogo ya volti 12. Prosesa hulishwa kutoka volti 5. Pawa saplai za siku hizi zimeweka nguvu zao zote kwenye volti 12, na upande wa 5 umeachwa mwembamba. Usitazame wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibandiko. Tazama ampea za upande wa volti 5. Tena zipo kompyuta za ofisi, za kampuni kubwa tu, ambazo plagi yake ina umbo lilelile la ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Inaingia bila shida, na kuwasha mara moja kunatosha kuua bodi. Chukua mita, pima kabla ya kuchomeka: nyekundu iwe 5, njano 12, rangi ya machungwa 3.3. Kadi chache za ISA zinahitaji pia volti 5 hasi, waya mweupe, ambao pawa saplai mpya hazina tena.

RAM haikunisumbua. BX inakubali kipande cha MB 256 endapo kina chipu 16. Chenye chipu 8 huonekana nusu, au hakionekani kabisa, kwa hiyo hesabu chipu kabla ya kulipa. Niliweka MB 256 nikaridhika. Windows 98 huanza kulalamika ukipita MB 512, hivyo kurundika RAM hakuna faida yoyote.

Diski ina mtego wake. BIOS (programu ndogo ndani ya bodi inayoiamsha mashine) za miaka ile zina mipaka: baadhi haziioni diski inayozidi GB 8.4, nyingine hukwama kwenye GB 32 kabla hata ya kuwaka, na karibu zote husimama GB 137. BIOS yangu ilihitaji kusasishwa, kwa ajili ya diski na kwa ajili ya kuitambua Coppermine. Kazi hiyo hufanywa kwa flopi, ukiwa DOS tupu, na umeme ukikatika katikati bodi inabaki bubu. Mashine lazima iwe kwenye UPS yenye betri iliyojaribiwa. Kwanza hifadhi nakala ya BIOS ya zamani kwenye flopi hiyohiyo, ndipo uandike mpya.

Rafiki yangu wa Nairobi alichukua njia nyingine. Yeye anapenda magemu ya DOS kuliko ya Windows, akajenga ya Soketi 7, ya kizazi cha Pentium za kwanza, yenye chipseti ya 430TX. Kwake ni sawa, mradi asiweke RAM zaidi ya MB 64, maana kashe ya chipseti ile haifiki zaidi ya hapo na mashine huwa nzito badala ya kuwa nyepesi. Faida yake ni mwendo mdogo. Yapo magemu na programu za DOS, hasa zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, ambazo kwenye prosesa ya kasi hukataa kuanza na kutoa kosa namba 200, kwa kuwa hesabu yao ya kupima kasi hufurika. Kwenye Pentium III yangu huwa nazima kashe ndani ya BIOS na prosesa inajikokota kama ya miaka kumi nyuma yake. Inatosha kwa mengi, si kwa yote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotafuta bodi moja ya kuendesha kila gemu kuanzia 1988 hadi 2004. Haipo. Magemu ya baada ya 2001 yana nyumba yake: Pentium 4 yoyote ya ofisi yenye AGP nzuri, na hizo Kariakoo zinatupwa. BX yenye Pentium III inashika katikati, kutoka DOS ya mwisho hadi Windows 98, na inashika vizuri mno. Half-Life inateleza. Unreal Tournament inaenda kwa Glide, lugha ya picha ya 3dfx wenyewe, kwenye Voodoo2, 800 kwa 600, kikomo cha kadi moja.

Ile bodi ya LX sikuitupa. Fundi wa Temeke aliibadilishia kapasita pia, ikawaka, nikampa mpwa wangu anayesoma VETA pamoja na Pentium II yake ya MHz 266. Anatafuta sasa kadi ya sauti ya ISA. Nimemwambia akiiona yoyote kwenye rundo, asiulize chapa kwanza. Atazame kama ina chipu ya Yamaha iliyoandikwa YMF262, maana hiyo ndiyo inayopiga muziki wa FM (unaotengenezwa na chipu yenyewe, si redio) kama magemu yalivyokusudia.